Rekodi tunayotaka ni ya watu, si ya kutazamwa



Ukiandika jina Sange kwenye intaneti, kitu cha kwanza kinatoka ni moto wa tarehe 2 Julai 2010. Gari ya mafuta ilianguka hapa, watu wakakimbia kuchota, wengine walikuwa ndani wanatazama Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 walikufa. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Sisi tulikuwa bado watoto.

Mwaka huu, tarehe ile ile, tunajaribu rekodi yetu: ndani ya saa 24, kupata wachangiaji wengi kuliko mchango wowote tuliowahi kufanya kwa simu. Kila mtu franka 500. Makuta yatanunua dawa na bandeji za walioungua.

Inawezekana. Mwaka 2014, Marekani, watu walijimwagia ndoo ya maji ya barafu, kila mmoja akiita wenzake kwa majina. Shirika la ugonjwa wa ALS likapata dola milioni 115. Kenya, mwaka 2011, ukame ulipoleta njaa, mchango wa Kenyans for Kenya uliweka lengo la shilingi milioni 500, na ukalivuka. Wengi walitumia M-Pesa, kidogo kidogo.

Tujifunze hapo: anayeitwa pamoja na wote hajaitwa na mtu. Usitupe ujumbe kwenye vikundi 20 ukalala. Tuma kwanza franka zako, kisha andikia watu watatu, kila mmoja kwa jina lake. Na hatutaweka picha za maiti. Yule ni baba wa mtu anayeishi hapa.

Tunajua munachosema: "Hawa wako na diplome, hawana kazi, watakula makuta." Kweli, kazi hatuna. Ndiyo maana makuta yatalindwa na watu watatu, mmoja wao mama wa soko. Kila saa sita tutatangaza jumla. Fakturi itabandikwa ukutani, ju ya wale hawana mega.

Rekodi ikitukosa, bandeji zitabaki. Lakini hesabu ikikosekana, mara ingine hakuna atakayetuma hata franka moja, na atakuwa na haki.

Tarehe 2 Julai tuko pamoja. Anza leo kuchagua watu wako watatu.