Pikapu Yetu na Springi za Kusaidia

Mazungumzo na kamati za parokia na wafadhili, Chumbi

Tumeombwa tueleze jinsi fedha mlizochanga kwa ajili ya springi za pikapu zilivyotumika, na kwa nini mzigo wa kila safari haukuongezeka, bali umepungua. Tunajua wengi wenu mlitegemea jibu lingine.

Tuanze na barabara. Wazee mnakikumbuka kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 kufunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuvunja magari kila masika mpaka kilipowekwa lami. Siku hizi gari linafika Chumbi likiwa zima. Lakini kazi yetu nyingi iko nje ya lami. Ukiingia vijijini unakuta mchanga, kisha udongo mweusi wa bondeni, kisha makorongo yaliyochimbwa na maji. Mafuriko ya Aprili 2024, na Kimbunga Hidaya kilichofuata mwezi Mei, yaliongeza mashimo juu ya mashimo.

Pikapu yetu ni ya tani moja. Hiyo ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, au madumu 50 ya maji ya lita 20, wala hapo hatujampandisha mtu. Dereva na abiria watatu wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 280. Mifuko inayobaki ni 14. Sisi tulikuwa tunapakia 24, na watu juu yake. Tunakiri hivyo mbele yenu, maana hati za mizigo tulikuwa tunazisaini wenyewe.

Dalili zilionekana mapema. Mkia ulikaa chini, taa za mbele zikamulika matawi ya mikorosho badala ya barabara, na madereva wa mabasi wakawa wanatuwashia taa kwa hasira. Hatukujali. Jioni moja, tukiwa na mgonjwa ndani, jani kuu la springi ya kushoto lilikatika. Ekseli ikasogea nyuma upande mmoja, gari likawa linatembea upande kama kaa. Mgonjwa alimaliza safari kwa bodaboda, usiku. Alifika salama, lakini hatukulala.

Fundi wa kwanza, ambaye hatumlaumu kwa sababu alitupa tulichomwomba, alituongezea majani mawili yaliyotoka kwenye gari kubwa. Mkia ulinyanyuka. Lakini gari likiwa tupu liliruka kila shimo kama mbuzi, na shokapu za nyuma zikaanza kuvuja mafuta. Mgonjwa aliyelala nyuma alipata mateso zaidi kuliko yule wa bodaboda.

Ndipo tukaja kwenye springi za kusaidia, zilizonunuliwa kwa fedha zenu. Hili ni jani moja nene, karibu limenyooka, linalofungwa pamoja na springi ya kawaida. Gari likiwa tupu halifanyi kazi yoyote, bali springi laini ndiyo inayobeba. Mzigo ukiongezeka, springi ya kawaida inashuka mpaka inakutana na lile jani, na tangu hapo zinabeba pamoja. Kwa hiyo lazima kuwe na nafasi kati yake wakati gari ni tupu. Ikiwa zinagusana tangu mwanzo, tumerudi kwa mbuzi wetu.

Wajumbe waliokuwepo siku ya kufunga waliona kazi yenyewe. Kwanza tulipima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, tukaandika. Tukaweka vigingi magurudumu ya mbele, tukainua gari kwa jeki na kuliegemeza chesisi yake kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Ekseli nayo ilishikiliwa kwa jeki ya pili ili isining'inie kwenye mpira wa breki. Yubolti za zamani tulizitupa, ingawa mjumbe mmoja aliona ni upotevu. Yubolti iliyokwisha kukazwa imekwisha kuvutika, tena safari hii zilihitajika ndefu zaidi. Nati zilikazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa pembe zinazokabiliana, kisha zikamaliziwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Baada ya safari za kwanza tulizikaza tena, na mbili zilikuwa zimelegea. Hatukuruhusu kuchomelea wala kupasha moto springi, kwa kuwa chuma chake hupoteza ugumu na kupasuka baadaye.

Jambo moja karibu litupite. Pikapu yetu ina vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Mkia ukishuka, vali hujua kuna mzigo, ikapeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Springi za kusaidia zinanyanyua mkia, na vali inadhani gari ni tupu. Ilibidi irekebishwe, na taa za mbele vilevile.

Sasa tufike kwenye swali lenu. Mlitoa fedha mkitumaini safari mbili ziwe moja. Lakini ekseli ni ile ile, breki, tairi na chesisi ni zile zile. Springi hizi zimeinua mkia. Uwezo uliowekwa na mtengenezaji umebaki tani moja. Tena mkia ulionyooka unadanganya kuliko ulioinama, kwa sababu mpakiaji haoni tena dalili ya kuzidisha.

Fedha zilizobaki tumenunulia dizeli ya safari ya pili, na risiti ziko kwa mweka hazina. Saruji ya tangi la maji, mifuko 24 na watu wanne, itaondoka Jumanne asubuhi na kumaliziwa Jumatano. Tunaomba kila kamati itoe mtu mmoja wa kuhesabu mifuko kabla gari halijaondoka, na dereva asiondoke bila saini yake.