Mbaazi: tulitazame soko lote kabla ya kuuza

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za maendeleo za parokia)



Tumeombwa tuzungumzie swali ambalo vikundi vya wakulima hutuuliza kila msimu: mbaazi tuziuze sasa au tuziweke?

Mnunuzi anapofika kijijini na mizani yake, bei aliyonayo imetoka mbali. Ukiacha zile za nazi tunazokula na maandazi, mbaazi zetu nyingi huliwa India, na India yenyewe hulima mbaazi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa hiyo mvua ya kule ni habari ya Babati na Masasi pia.

Tukumbuke mwaka 2017. Miaka miwili kabla yake ukame uliharibu mazao ya India, bei ikapanda sana, na wakulima wetu wakaongeza mashamba. Lakini wakulima wa India nao waliiona bei hiyohiyo. Mvua za 2016 zikawa nzuri, wakavuna zaidi ya tani milioni 4, wakati msimu uliotangulia walipata kama milioni 2 na nusu. Agosti 2017 serikali yao ikaweka kikomo cha kuagiza tani 200,000 tu kwa mwaka. Msumbiji ilikuwa na makubaliano na India tangu 2016, ikaendelea kuuza. Tanzania haikuwa nayo. Tangazo likatukuta msimu wa mauzo umeshafika, na bei ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo. Nyumba zilizotegemea mbaazi kulipa ada zilibaki na magunia.

Hatusemi mkulima angeweza kuagua tarehe ya tangazo. Lakini mavuno makubwa ya India yalijulikana tangu mwanzoni mwa mwaka ule, na bei kule ilikuwa imeshashuka chini ya ile iliyowekwa na serikali yao. Mbegu zetu zilikuwa zimeshaingia ardhini, ni kweli. Hata hivyo, aliyezipata habari hizo alikuwa na muda wa kupunguza mkopo na kuuza mapema.

Hapa tukae kidogo. Mahindi tumezoea kuyaweka hadi Februari, njaa ikianza bei ipande. Wengi hufanya vivyo hivyo kwa mbaazi. India hupanda Juni na Julai, na huanza kuvuna Desemba. Sisi huvuna kuanzia kama Agosti. Nafasi yetu ni ile miezi ya katikati. Anayesubiri hadi Januari anakutana na mzigo mpya wa wenyeji.

Mnada wa stakabadhi ghalani umesaidia mikoa ya kusini, maana bei inaonekana na wote. Lakini mnada haumzai mnunuzi. Mei 2021 India ilifungua tena uagizaji, kwa kibali chenye muda wake. Kila kamati imuulize afisa ushirika kibali kinakwisha lini, na mvua za Julai za kule zimekuwaje, kabla kikundi hakijapiga kura ya kuhifadhi.

Kwa wafadhili tuna ombi moja: marejesho ya mikopo ya kuhifadhi mbaazi yapangwe Novemba badala ya Machi. Mahindi yabaki na utaratibu wake wa zamani.