Kabla ya Kulinunua Gari la Kasi: Namna ya Kulijaribu Barabarani

Maneno haya tuliyatoa mbele ya wakazi wa Busia, upande wa Uganda, na tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Hatukuja kuzungumza juu ya magendo wala wizi wa mifugo. Tumekuja kuzungumza juu ya magari ya kasi, na hasa juu ya ile nusu saa ambayo mnunuzi hupewa ufunguo ili alijaribu gari kabla ya kulipa. Magari yenyewe mnayafahamu: Subaru Impreza WRX, Forester zenye tabo, Mitsubishi Lancer Evolution. Sifa zao hazikutoka hewani. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza, na mwaka uliofuata Richard Burns akaishinda akiendesha Mitsubishi. Vijana wa wakati ule walisimama kandokando ya njia wakala vumbi kwa furaha, na leo baadhi yao wana fedha za kununua walichokitamani. Hatuwalaumu. Ila McRae na Burns walivaa kofia ngumu, walizungukwa na vyuma ndani ya gari, na kila mmoja alikuwa na msaidizi kando yake akimsomea kona moja baada ya nyingine. Anayelijaribu gari katika barabara ya Majanji hana hata kimoja cha hivyo. Mbele yake kuna mama mwenye beseni la samaki kichwani.

Hatari ya jaribio ni kwamba dereva na gari hawajuani. Mtu aliyezoea gari dogo la kawaida hukanyaga mafuta na kuona mwendo ukiongezeka polepole, kwa kadiri ya mguu wake. Gari la tabo halina tabia hiyo. Tabo huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo husukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kwa hiyo mwanzoni nguvu huchelewa, dereva hudhani gari ni zito, huongeza mguu, kisha nguvu yote huja kwa mkupuo mmoja. Kama mkupuo huo utamkuta katikati ya kona, au juu ya changarawe iliyomwagwa na lori, hatapata nafasi ya kujifunza.

Tena kuna dhana moja ambayo tungependa kuivunja leo hii hii. Husemwa kwamba magari haya hayatelezi kwa kuwa magurudumu yote manne huvuta. Ni kweli huvuta, na gari huondoka vizuri hata kwenye matope. Lakini kuvuta hakusaidii kusimama. Kila gari lina breki katika magurudumu manne, na gari la kasi halina la tano. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, barabara ikiwa kavu na matairi yakiwa mazima, atasimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki zishike. Akienda kilomita 100 hazitakuwa mita 28, bali zitakaribia 56, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Ongezeni sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, na gari litakuwa limekwisha kula mita 28 nyingine. Jumla yake inapita mita 80. Tafadhali wazee, pimeni kwa macho mita 80 kutoka lango la shule hadi pale wanapovukia watoto.

Kwa sababu hiyo tunawaambia wanunuzi kwamba gari la kasi hujulikana zaidi likiwa polepole. Fikeni mapema, kabla muuzaji hajaiwasha injini, mguse boneti. Ikiwa ni ya moto, ulizeni kwa nini, maana injini iliyokwisha pashwa huficha ugumu wa kuwaka na makelele ya asubuhi. Zungusheni ufunguo hatua moja bila kuwasha: taa za tahadhari kwenye dashibodi, ile ya injini ikiwamo, sharti ziwake zote kwanza. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili isiseme ukweli. Injini ikishawaka, mmoja wenu asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Acheni injini ipate joto kabla ya kuitaka nguvu, kwani tabo hutegemea oili kuliko kitu kingine chochote. Kisha endesheni kwa kilomita 40 mahali patupu na mshike breki kwa nguvu. Gari likivuta upande mmoja, au usukani ukitetemeka, mmekwisha kujua jambo ambalo kilomita 160 zingewaambia kwa gharama ya uhai.

Matairi nayo yasomwe, kwani yana maandishi. Tarakimu nne zilizo ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Herufi iliyo mwishoni mwa kipimo cha tairi huonyesha mwendo ambao tairi limeundwa kuuhimili: S ni kilomita 180, H ni 210, V ni 240. Tumekuta magari yenye injini ya mashindano yakitembelea matairi ya teksi.

Sasa tugeukie karatasi, na hapa madalali watusikilize vizuri. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari dogo lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, na Kenya mpaka wake ni miaka 8. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba Impreza ya mwaka 2004 imeshuka melini mwezi uliopita, jueni kwamba ama gari limo nchini siku nyingi, ama limepita mahali pasipostahili. Mwaka 2015 gari la Lexus lililoibwa Uingereza lilifuatiliwa kwa kifaa kilichofichwa ndani yake, likapitia Ufaransa na Mombasa hadi Kampala, na hapo yakapatikana mengine ya namna yake. Barabara kutoka Mombasa hupita kwetu hapa au kwa jirani zetu wa Malaba. Linganisheni nambari ya chesi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya logibuku kabla hata ya kukaa kwenye kiti. Mkiwa na shaka, tuleteeni nambari hiyo, nasi tutaipeleka ofisi ya Interpol iulizwe katika orodha ya magari yaliyoibwa duniani.

Jaribio lisivuke mpaka. Tumewasikia watu wakisema, “Tunapita tu kidogo hadi upande wa pili, tunarudi.” Kituo cha pamoja cha Busia kimerahisisha safari, lakini hakikufuta ushuru. Gari la nchi moja likiingia nyingine huhitaji kibali cha muda cha forodha na bima inayotambulika huko, kama vile Kadi ya Njano ya COMESA. Anayekwepa haya kwa njia za panya asishangae akichukuliwa kuwa mwizi, kwa kuwa wezi hutumia njia hizo hizo na maneno hayo hayo.

Nanyi wauzaji, msikabidhi ufunguo kwa heshima ya nguo za mtu. Ombeni perimiti yake ya udereva na kitambulisho, mbaki na nakala, na mwakilishi wenu akae ndani ya gari mwanzo hadi mwisho. Wanunuzi wakija wawili, mmoja asiachwe nyuma ya usukani wakati mwenzake anawaita mkatazame kitu nyuma ya gari. Hakikisheni bima inamhusu anayeendesha, kwani mwenye gari anayemruhusu asiye na perimiti kuliendesha naye huvunja sheria. Akigongwa mtu, jamaa zake watakuja kwenu pia, wala si kwa mnunuzi peke yake.

Kuhusu mahali, tumeombwa na akina mama wa soko, nasi tumekubaliana nao, kwamba siku za gulio hakuna gari litakalojaribiwa katika barabara za mjini. Saa za watoto kwenda na kurudi shuleni pia zimeondolewa. Askari wa trafiki wamekwisha elezwa, na atakayekutwa atafikishwa kituoni pamoja na gari, liwe lake au la yadi.

Anayetaka gari likaguliwe kabla ya kulipa amwone mkaguzi wa magari wa polisi. Aje na muuzaji, logibuku halisi, na injini iliyo baridi.