Maji Yasipopanda Tangini: Hotuba ya Katibu juu ya Pampu ya Kiwanda



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wamekwisha kueleza habari za mizani, bei na ghala. Sisi tumepewa zamu ya kusema juu ya pampu ya maji, nayo si habari ndogo. Kahawa mbivu iliyochumwa leo haina budi kumenywa leo. Ikilala magunini huchacha, na ubaya wake hauondoki hata kikombeni. Pasipo maji hakuna kumenya wala kuosha.

Wengi wenu mwakumbuka msimu wa mwaka 2019. Siku moja ya mwezi Oktoba, kahawa imejaa uani na watu wamepanga foleni, sindano ya geji, ambayo kwa desturi husimama kwenye bar 2, ilikuwa ikitetemeka karibu na bar 1. Tangi letu li mita 15 juu ya pampu, na kila mita 10 za kupanda zadai karibu bar 1. Kwa hiyo maji hayakufika. Wako waliosema mtunza mashine amezembea, afukuzwe. Wako waliosema pampu imezeeka, inunuliwe nyingine kwa fedha za malipo ya pili. Sisi wenyewe, twakiri, tulikwisha kushika kalamu tuandike barua ya kuagiza.

Ndipo mzee mmoja akatuuliza, "Katibu, mwanangu, mmepima au mmekisia?" Hatukuwa na jibu. Tukaiweka kalamu chini, tukaanza kupima.

Kwanza, tulilifunga koki la bomba la kupandishia kwa muda mfupi sana. Sindano ikipanda kama kawaida, pampu ni nzima, na ubovu uko mbele yake: bomba limepasuka, au maji yanatumiwa kupita kiasi. Isipopanda, ubovu uko kwenye pampu yenyewe au nyuma yake. Yetu haikupanda. Lakini angalieni: jaribio hili ni la pampu ya panga inayozunguka tu. Pampu ya pistoni isifungiwe njia kamwe, kwa maana yaweza kupasuka.

Pili, tuliutazama mwendo. Mkanda ukiteleza, mizunguko ikapungua kwa sehemu moja ya kumi, msukumo hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Mkanda wetu ulikuwa umekaza.

Tatu, tulikagua upande wa kuvuta, ambao aghalabu husahauliwa. Maji hupanda hadi kwenye pampu kwa kusukumwa na uzito wa hewa iliyo juu ya mto. Pwani, uzito huo waweza kuyainua mita 10 hivi; huku kwetu milimani, kwenye mita 1,500, hazizidi 8 na nusu, na kwa kazi ya kila siku yafaa zisipite 5. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, au chujio likizibwa na majani, pampu hukosa maji. Chujio letu lilikuwa safi, na kina cha mto kilitosha.

Nne, tulipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba la kuvutia, pampu ikiendelea kuzunguka. Kwenye kiungo cha tatu povu likamezwa ndani. Gasketi ilikuwa imepasuka. Pampu ilikuwa ikivuta hewa pamoja na maji. Tulikata gasketi nyingine kwa mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, tukaijaza pampu maji, tukaiwasha. Sindano ikasimama kwenye bar 2. Kahawa yote ikamenywa kabla ya usiku wa manane.

Mtunza mashine tulimwomba radhi mbele ya watu wale wale waliomshutumu. Malipo ya pili mliyapokea kamili.

Tangu siku ile kiwandani pana daftari, na kila asubuhi kipimo cha geji huandikwa humo. Twawasihi wajumbe wa vyama vyote vya msingi wafanye hivyo, ili sindano ikianza kushuka ijulikane kabla ya kahawa kujaa uani. Na siku mtakapoletewa ombi la kununua pampu mpya, tuulizeni kama alivyouliza mzee wetu: mmepima, au mmekisia?