Pangani: Mji Uliouza Jasho Lake Likiwa Ghafi



Wapo wanaodhani kwamba viwanda nchini mwetu viliingia pamoja na reli ya Wajerumani. Dhana hiyo ni potofu. Katika karne ya 19, kandokando ya mto Pangani, tayari kulikuwa na vinu vya kukamulia miwa. Sukari na asali ya miwa zilipakiwa majahazini kwenda Unguja, na pembe za ndovu kutoka bara zilipita bandarini hapo.

Lakini tujiulize: nani aliyekata miwa hiyo? Ni watumwa. Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa na watumwa. Twamheshimu kwa ushujaa wake, wala hatuna haki ya kuwasahau waliomlimia. Historia inayowataja wakubwa peke yao ni historia nusu.

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakazuka mashamba makubwa ya manamba, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa.

Je, Pangani ilinufaika? Mwaka ule ule wa 1893 ujenzi wa reli ulianzia Tanga, na biashara ikaifuata reli. Mji uliopokea mche wa kwanza ukabaki ukitazama meli zikitia nanga kwingine. Mashambani, korona zilisaga majani, singa zikaanikwa, zikafungwa marobota na kupelekwa Ulaya. Huko ndiko zilikosokotwa kamba, na huko ndiko faida kubwa ilikobaki.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mashamba mengi yalitaifishwa. Ilikuwa hatua ya haki. Hata hivyo, tukiri bila kuoneana haya: kubadili mwenye shamba hakukutosha. Sehemu kubwa ya mkonge iliendelea kuuzwa ghafi, na kamba za plastiki zilipoenea bei ikaanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani zipatazo 20,000.

Ndugu wananchi, watu wa Pangani hawakuwa wavivu hata siku moja. Walichokosa ni uwezo wa kuamua mazao yao yatengenezwe wapi na yapitie njia gani. Basi kila tunapoonyeshwa zao jipya lenye soko nono ng'ambo, tusiulize bei ya robota peke yake. Tuulize pia: kamba itasokotwa wapi?