Kapoti tunaijua, kuiomba ndiyo shida

(Maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi, Uvira)



Leo hatufundishi SIDA. Somo hilo mulilisikia tangu sekondari, na sisi pia. Hakuna mtu katika hii sale asiyejua kapoti ni nini. Lakini mwenzetu mmoja, mwenye lisansi kama sisi na bila kazi kama sisi, alijua yote hayo, na leo anakunywa dawa kila jioni. Ametupa ruhusa tuseme. Tulimuuliza: ilikuwaje? Alijibu: "Niliona haya kuomba."

Basi tuongelee hiyo haya. Kijana akibeba kapoti mfukoni, ni mjanja. Dada akiibeba kwenye mkoba, ni malaya. Akisema itumike, anaulizwa: "Kumbe hauniamini?" Ananyamaza, juu hataki kumpoteza mtu. Sasa jamani, ukipanda boti kwenda Baraka unavaa jile, na hakuna nahodha anayesema umemtukana!

Tena kuna mazoea. Mwanzoni watu wanatumia, kisha miezi miwili ikipita wanaacha. Si kwamba wamepima. Wamezoeana tu, na mazoea wanayaita uaminifu. Ongeza chupa mbili za Primus, hata aliyeamua asubuhi anasahau usiku.

Halafu iko jambo tunalolisema kwa sauti ya chini. Minervali ikichelewa, anayeilipa ndiye anayeamua chumbani. Na kuna zile alama ambazo wanafunzi wa Kongo wote wanazijua, "zinazoambukizwa kwa ngono". Tunacheka, lakini ni jinai. Dada aliyebanwa hivyo usimwambie "ujikinge tu". Ajikinge na nini, kama kusema hapana ni kurudia mwaka?

Kupima nako ni kazi. Anayekutoa damu ni jirani, au munaimba naye kwaya. Kuna wenzetu wanaovuka Gatumba mpaka Bujumbura ili wasijulikane. Mpaka ukifungwa, wanabaki na mashaka yao.

Mushike haya mawili. Ukiwa umejiweka hatarini, au umelazimishwa, kuna dawa za kuzuia virusi, lakini lazima uzianze ndani ya masaa 72. Usingoje Jumatatu. Na anayekunywa dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye vipimo, haambukizi mpenzi wake. Mwenzetu huyo munaweza kula naye, kucheka naye, kumpenda.

Kwa wakubwa wa masomo tunaomba kapoti ziwekwe vyooni, mahali mtu anachukua bila kuuliza mtu. Tunaomba pia siku ya kupima, na wapimaji watoke kata nyingine.

Sisi wenyewe tutaenda kupima Jumamosi asubuhi, kwa miguu, pamoja. Wavulana watatangulia kwenye mstari.