NYUMBA YA MWANASESERE NA VYOMBO VYAKE

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wazazi



 Najua ya kuwa wengi wenu mliposikia habari niliyoichagua mlicheka. Mzee mmoja aliniuliza njiani, "Mwanangu, wewe ni karani, kazi yako ni kalamu, una shughuli gani na wanasesere?" Nilimjibu kwa heshima kwamba anisikilize mpaka mwisho, na akiona ya kuwa maneno yangu ni upuuzi, basi anicheke, nami sitakasirika. Nawaomba na ninyi mnipe subira hiyo hiyo.

Habari yangu ni hii: jinsi ya kutengeneza nyumba ya mwanasesere pamoja na vyombo vyake, yaani vitanda, viti, meza, masinia na kabati, kwa vitu ambavyo kila siku twavitupa jaani: maganda ya viberiti, vizibo vya chupa, vifungo vya nguo, vipande vya kanga zilizochakaa, magunzi, mabua na madebe. Wahenga walisema, Usitupe mbachao kwa msala upitao. Sisi twatupa mbachao, kisha twalalamika ya kuwa shule ya watoto wadogo haina vyombo vya kufundishia.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa kazi hii si mpya, wala si ya watoto peke yao. Katika mji wa Nuremberg, nchi ya Ujerumani, mwaka 1631, mama mmoja jina lake Anna Köferlin aliwaonyesha watu nyumba ya mwanasesere iliyojaa vyombo vya kila namna, akachapisha na karatasi ya kueleza ya kuwa watoto wakiitazama watajifunza jinsi ya kutunza nyumba. Na Uingereza, kati ya mwaka 1921 na 1924, ilijengwa nyumba ya mwanasesere kwa ajili ya Malkia Mary. Aliyechora ramani yake ni Sir Edwin Lutyens, fundi mkuu wa majumba makubwa. Ndani yake mna taa za umeme zinazowaka, mabomba yanayotoa maji, na vitabu vidogo vilivyoandikwa na waandishi mashuhuri kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1924 iliwekwa katika Maonyesho makubwa ya Wembley, mahali ambapo nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zilikuwa na banda lao, na baada ya hapo ikapelekwa Windsor, ambako ipo hata sasa.

Mfano wa tatu ndio ulionigusa mimi zaidi. Huko Marekani alikuwako bibi mmoja, Frances Glessner Lee, aliyezaliwa Chicago mwaka 1878. Bibi huyu alitengeneza vyumba vidogo vya wanasesere, si kwa kuchezea, bali kwa kuwafundisha polisi. Kila chumba kilionyesha mahali palipotokea kifo, na kila kitu kilikuwa mahali pake: kiti kilichoanguka, barua juu ya meza, dirisha lililo wazi. Soksi za wanasesere alizifuma kwa sindano nyembamba kama pini. Polisi walitazama, wakajifunza kuona jambo dogo ambalo mtu mwenye haraka hupita bila kuliona. Mwaka 1943 alipewa cheo cha Kapteni katika polisi wa jimbo la New Hampshire, na baada ya yeye kufa mwaka 1962 vyumba vyake viliendelea kutumiwa, katika mji wa Baltimore. Basi, ikiwa askari wapelelezi hawakuona haya kujifunza kwa nyumba ya mwanasesere, sisi tuone haya kwa nini?

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kipimo. Nyumba zote nilizozitaja za Malkia Mary na za Bibi Lee zilifuata kipimo kimoja: sehemu 1 kwa 12, yaani inchi 1 badala ya futi 1. Kila kitu cha kweli hupimwa, kisha hugawanywa kwa 12. Mlango wenye urefu wa sentimita 200 huwa karibu sentimita 17. Kitanda cha sentimita 180 kwa 90 huwa sentimita 15 kwa 7 na nusu. Meza ya sentimita 75 huwa kama sentimita 6, na mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 168 huwa sentimita 14.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianza bila kupima. Nilimtengenezea binti yangu nyumba ya karatasi ngumu, nikajisifu sana. Alipomaliza kuitazama akaniuliza, "Baba, kitanda kiliingia wapi?" Nikatazama, nikaona kitanda ni kipana kuliko mlango, na mwanasesere wake akisimama kichwa chake chapita dari. Nilibomoa yote, nikaanza tena na rula mkononi. Siku ile nilifahamu ya kuwa mtoto huona kosa la kipimo hata kabla hajajua kugawanya.

Nyumba yenyewe yaweza kuwa kasha la mbao au boksi la karatasi ngumu. Debe la bati nalo lafaa sana. Urefu wake ni kama sentimita 35 na upana wake kama sentimita 24. Ukililaza ubavuni na kukata upande mmoja, umepata chumba ambacho kwa kipimo chetu ni mita 4 na kidogo kwa karibu mita 3. Ni chumba cha heshima. Lakini kazi ya kukata bati ni ya mtu mzima, na nitaeleza sababu yake baadaye.

Gundi si lazima kununua. Chukua kijiko 1 cha unga wa muhogo, koroga kwa maji baridi mpaka uwe laini, kisha mimina maji yanayochemka kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Tumia siku ile ile, maana kesho yake utaanza kuchacha, na mende huupenda mno.

Kabati yenye saraka, au kama wengine wasemavyo watoto wa meza, hutengenezwa kwa maganda 8 ya viberiti. Panga manne juu ya manne, ubandike safu mbili pamoja, kisha uzungushe karatasi pande zote isipokuwa mbele. Katika kila saraka tia kifundo cha uzi uwe mshikio. Saraka hufunguka na kufungwa kama za kweli, na hili huwafurahisha watoto kuliko jambo lolote.

Kitanda hutaka maganda 6, mawili kwa upana na matatu kwa urefu, yenye miguu ya vijiti vya urefu wa sentimita 2. Godoro ni kipande cha kanga kilichojazwa sufi. Anayependa kitanda cha kamba, na afunge vijiti vinne kwa pembe, asuke uzi wa katani juu yake. Kazi hiyo hufundisha vidole subira.

Vyombo vya kulia ni rahisi. Kifungo cha shati ni kisahani. Kifungo cha koti ni sahani. Kizibo cha chupa ya soda, ukikipigapiga kingo zake zikalala, ni sinia ambalo watu wanne wangeweza kulizunguka. Kigurudumu kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha ni kigoda. Ukibandika duara la karatasi ngumu juu yake ni meza ya chai. Kinu huchongwa kwa kipande cha gunzi kilichotobolewa katikati, na mchi wake ni kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka. Mtungi na chungu ni vya udongo wa mfinyanzi, vikaushwe kivulini visipasuke. Mkeka husukwa kwa miyaa iliyochanwa nyembamba sana, na hapa mama zetu na bibi zetu ndio walimu, si mimi. Nimemwona bibi mmoja, macho yake yamepungua nguvu, akisuka mkeka wa sentimita 15 kwa vidole tu bila kutazama, na wajukuu wamemzunguka kimya.

Labda mwalimu atauliza, "Faida yake darasani ni nini?" Nitataja tatu.

Ya kwanza ni hesabu. Mtoto anayechoka na hesabu za ubaoni hatachoka kupima kiti cha mwalimu na kukigawanya kwa 12, maana anataka kiti.

Ya pili ni afya. Watu wengi wameambiwa mara nyingi ya kuwa choo kiwe mbali na kisima, walau mita 30. Wameambiwa, wakasahau. Lakini chukua nyumba hii ndogo, uiweke uani, uweke kisima chake cha kopo, kisha uwaambie watoto wapime mita 2 na nusu ndipo wachimbe choo. Wataona kwa macho yao jinsi umbali ule ulivyo mkubwa ukilinganishwa na nyumba, nao watakwenda nyumbani kupima cha baba yao. Kadhalika juu ya kitanda na watundike chandarua cha kipande cha chandarua kikuukuu, kikunjwe chini ya godoro pande zote nne, maana mbu aambukizaye malaria huuma usiku, naye hupita penye tundu dogo. Mtoto aliyemlaza mwanasesere wake ndani ya chandarua kila jioni hatalala yeye nje.

Ya tatu ni kazi ya mikono yenyewe. Seremala, mshonaji, fundi wa saa, mganga apasuaye wagonjwa, wote hao hutaka jicho lipimalo na kidole kisichotetemeka. Samaki mkunje angali mbichi.

Sasa nieleze hatari, maana sipendi mtu aende nyumbani akaumize watoto kwa maneno yangu. Bati lililokatwa ni kali kama wembe. Mtu mzima alikate, akunje kingo zake zote na kuzipiga kwa nyundo zilale. Mtoto akichanjwa na bati lenye kutu au uchafu, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, naye apelekwe kwa mganga bila kukawia, kwa ajili ya pepopunda. Na yafaa mzazi ajue kama mtoto amekwisha kupata chanjo yake. Pili, kopo au chupa iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu wa shamba isitumiwe kabisa, hata ikioshwa mara 10, sumu hubaki. Betri za tochi zilizokufa zisipasuliwe, maana ndani mna vitu vya kudhuru. Tatu, vifungo, shanga na mbegu visiachwe mahali afikapo mtoto aliye chini ya miaka 3. Kila akionacho hukitia kinywani, na kifungo kimoja chaweza kuziba pumzi yake. Kazi ikiisha, vitu vihesabiwe na kufungiwa.

Bwana Mwenyekiti, nimebakiwa na neno moja, nalo ndilo lililonifanya nisimame hapa.

Karibu na kwangu alikuwako mtoto wa miaka 9. Kwa waya, vizibo na kopo alitengeneza gari lenye usukani uliogeuza magurudumu. Hakufundishwa na mtu. Alitazama magari yapitayo barabarani tu. Siku moja akalifanyia gari lake kazi hata akachelewa kurudisha mbuzi, nao wakaingia shamba la watu. Baba yake alikasirika, akalikanyaga lile gari mpaka likawa bapa. Sisemi mtoto asirudiwe. Mbuzi wakila mahindi ya jirani hapana budi mtu ajibu. Lakini kosa lilikuwa la mbuzi, na adhabu ikaangukia gari. Tangu siku ile mtoto yule hakutengeneza kitu tena. Nilimwuliza sababu, akanijibu, "Ni takataka tu." Neno lile si lake, alilipata kwa mkubwa.

Wazee wangu, siwaombi fedha, wala siombi jengo. Naomba mambo mawili tu. Kila shule ya watoto iwe na kapu moja la kuwekea vitu safi vilivyokwisha kazi, na kila nyumba ilete kilicho chake: huyu maganda ya viberiti, huyu vifungo, huyu vipande vya kanga. Haba na haba hujaza kibaba. Na la pili, mtoto akikuletea kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, hata kiwe kimepinda, kishike kwa mikono miwili, ukitazame, umwulize alivyokipima, kabla hujamwuliza habari za mbuzi.

Na yule mzee aliyeniuliza njiani, namwona ameketi pale mbele. Kama bado anataka kunicheka, ruhusa ninampa. Lakini nitafurahi zaidi akimletea mwalimu maganda 8 ya viberiti.